Mafurungu ya Velbai

Tangu Hansa apige simu kutoka Nairobi kusema anakuja kuchukua mapambo ya marehemu mama mkwe wake, Dhanbai alikuwa amekishona kifurushi cha mapambo hayo na kukifumua mpaka ncha za vidole zikamwasha. Kitambaa kilikuwa kilekile, pamba nyekundu iliyopauka. Uzi aliupata wa rangi ileile. Tabu ilikuwa mkono. Velbai, mama mkwe huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na shoto, na mishono yake ililala upande mmoja. Dhanbai akishona, mishono inalala upande wa pili. Akajaribu kushona kwa mkono wa kushoto, akajidunga. Akakigeuza kitambaa ndani nje, ikawa vilevile. Mwisho akaukata uzi kwa meno, akajisemea, "Hansa ni mtu wa Nairobi, atajua nini habari za mishono."

Na kweli, Hansa peke yake asingejua.

Pale Vadlapar, kijiji cha Kachi huko Uhindini ambacho nusu ya watu wake wako ng'ambo na nusu nyingine wanangoja simu zao, mwanamke akihama huondoka na dhahabu yake mwilini. Fedha ya mapambo huiacha. Ni nzito, ng'ambo haivaliki, na visanduku vya benki vimejaa dhahabu ya watu. Basi huifunga kitambaani, akakishona mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka kwa mtu wa kumwekea. Mshono ndio kufuli. Wanawake wa kule hutambuana kwa mishono kama wengine wanavyotambuana kwa sauti, na aliyepewa amana haifungui, hata iwe nini.

Na kwa nini karibu wote walimpelekea Dhanbai? Tuseme kweli, haikuwa kwa mapenzi. Mumewe, Karsan, alikuwa mwashi; alianguka kutoka jukwaani angali kijana, akamwacha hana mtoto. Mjane havai bangili wala njuga. Asiye na binti hana wa kumvisha. Wanawake walipima wakaona hakuna kasha salama kushinda hilo. Mmoja wa wanawake hao, Kanta, aliwahi kulitamka mbele za watu: "Kwa Dhanbai hata mwizi wa ndani hakuna." Akadhani amemsifu, na Dhanbai akatabasamu, angefanyaje.

Lakini kazi aliyopewa aliishika. Mwaka wa tetemeko, nyumba yake ilipolala chini, alikaa juu ya kifusi kwenye baridi ile, hali wala hanywi, mpaka vifurushi vyote vilipofukuliwa kutoka chini ya mtungi wa uwele. Tangu siku hiyo jina lake likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Watu walilitaja London na Nairobi: kwa Dhanbai hakipotei kitu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mwana, alikuwa na jina hilo tu.

Miaka ilivyokwenda wenyewe walirudi mmoja mmoja wakati wa baridi kuchukua vitu vyao. Kila mmoja alikunywa chai, akatokwa na machozi kidogo, akasema mwakani tukijaaliwa nitakuja tena. Hakurudi hata mmoja, na warudi kufuata nini? Sasa kilibaki kifurushi kimoja, cha Velbai, jirani yake wa ukuta mmoja. Na hicho ndicho alichokifungua.

*

Hansa alifika na Kanta. Hakuna aliyemwalika Kanta, ila yeye hakuwa mtu wa kungoja mwaliko. Alikuwa shangazi wa mume wa Hansa na wifi wa Velbai, mjane naye tangu miaka michache, wanawe wote Australia, mwanamke wa kusimamia harusi za watu na kujua nani kachangia nini.

Hansa aliinama kumgusa Dhanbai miguu, kuinama kwa nusu, kwa mgongo wa mtu aliyeshuka ndege jana.

"Mama mdogo, umekonda."

"Nimezeeka, mwanangu. Kukonda ni kwa vijana. Binti yako Krupa hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Harusi ni mwezi ujao. Amepata daktari wa meno."

"Mng'oa meno," Kanta alisema, akijiketisha kwenye bembea ya mle ndani bila kukaribishwa. "Lakini kwao wanajiweza. Dhanbai, chai yako bado unaijaza tangawizi kama unatibu kikohozi?"

"Nikuwekee isiyo na tangawizi?"

"Lete hiyohiyo, nishazoea."

Walikunywa. Hansa alitazama kuta, picha ya Karsan yenye shada la maua ya plastiki, kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri mno. Akauliza habari za magoti. Dhanbai akajibu kwa kirefu, akauliza habari za ndege, za baridi ya Nairobi, za mkwe wa jirani ambaye Hansa hamjui. Alikuwa anavuta muda na yeye mwenyewe alijua. Mpaka Kanta akapindua kikombe kwenye kisahani na kusema, "Haya, Dhanbai. Mtoto wa watu ana shughuli nyingi."

Dhanbai akaingia ndani, akatia mkono kwenye mtungi, akakitoa kifurushi kutoka chini ya uwele na majani makavu ya mwarobaini. Alikipangusa kwa ncha ya sari yake nyeupe. Akatoka nacho.

Kanta alikipokea kabla ya Hansa. Alikipima kwa kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Huu si mkono wa Velbai," alisema.

"Mkono gani, Shangazi?" Hansa aliuliza.

"Mshono. Mama mkwe wako alikuwa na shoto. Alipoletwa kwetu bibi arusi tulimcheka mpaka akalia. Uzi wake ulilala huku. Huu umelala kule."

"Mvua iliingia mtungini mwaka ule," Dhanbai alisema. "Kitambaa kikaoza kidogo. Nikashona."

"Kikaoza hapohapo kwenye mshono?"

Dhanbai akaanza kukusanya vikombe. Hansa, ambaye hakupenda ugomvi na alitaka kurudi kwenye orodha yake ya ununuzi, akachukua mkasi mdogo kutoka kwenye mkoba akakata uzi. Akavimwaga vitu juu ya kitanda.

Kilitoka kidani kizito, cheusi. Zikatoka bangili, nyeusi kama sufuria. Yakatoka mafurungu mawili mapana ya miguuni yenye njuga ndogondogo pembeni, nayo yaling'aa kana kwamba yametoka kwa sonara asubuhi ile.

Hapo ndipo Dhanbai alipoliona kosa lake. Siku zote hizo alihangaika na mshono na asikumbuke mng'ao. Alikuwa ameshayazoea yanavyong'aa. Kwake ndivyo mafurungu yalivyokuwa.

"Fedha iliyolala huwa nyeusi," Kanta alisema. Aliisema kwa upole, na upole wa Kanta ulikuwa mbaya kuliko ukali wake. "Hii haikulala."

*

Walikwenda kwa sonara Vrajlal, karibu na hekalu. Kanta ndiye aliyesema waende, ili roho zitulie. Hansa alisema si lazima, kisha akaingia garini. Dhanbai alikaa kiti cha nyuma karibu na mfuko wa vitu vya harusi, na njia nzima hakuna aliyesema naye.

Dukani kulikuwa na viti viwili mbele ya meza ya kioo. Kanta akakaa, Hansa akakaa. Dhanbai alisimama kidogo akingoja mtu aseme neno, halafu akaketi kwenye kizingiti, nusu juani. Mteja mmoja aliyekuwa akitoka alimruka, akamwambia, "Samahani, bibi, huku watu wanapita." Akajisogeza.

Vrajlal alilikwangua furungu kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akatazama.

"Fedha tupu," alisema. "Ni kazi ya marehemu baba, hii hapa alama yake. Mnataka kuuza?"

"Hatuuzi," Hansa alisema, na pumzi ikamshuka. "Umeona, Shangazi? Ni yaleyale. Hakubadilisha kitu."

"Nimeona. Kumbe hakubadilisha." Kanta akageuka mlangoni. "Alikodisha."

"Sikukodisha," Dhanbai alisema kutoka kizingitini.

"Wasichana wa mjini Bhuj siku hizi wanatafuta mapambo ya fedha ya kizamani ya kuvaa siku moja, wapigwe picha, warudishe. Wanalipa vizuri. Mimi nasimamia harusi, Dhanbai, nayajua. Usinifanye mtoto."

"Sikumpa mtu."

"Basi nani kayavaa? Yamejivaa yenyewe?"

Vrajlal akainamisha kichwa kwenye mizani yake, akajifanya hasikii. Hansa alimtazama Dhanbai kwa macho ya kumwomba aseme kitu, chochote, hata uongo mzuri. Dhanbai alitazama miguu yake mwenyewe, visigino vilivyopasuka, vidole vyenye vumbi la barabarani. Angesemaje, pale, mbele ya sonara na msichana wa dukani aliyekuwa akiwamiminia wageni maji?

"Kimya nacho ni jibu," Kanta alisema, akasimama.

*

Maneno ya Vadlapar hayatembei kwa miguu siku hizi. Jioni ileile yalishafika London, yakapita Nairobi, yakarudi. Na simu ya Dhanbai, ambayo ilikuwa inaweza kukaa wiki nzima bila kulia, ikaanza kulia.

Mara ya kwanza aliikimbilia. Alikuwa Amarbai wa mtaa wa kisimani, siku hizi yuko London, aliyechukua kifurushi chake zamani na tangu hapo asitoe hata salamu.

"Dhanbai, dada, hujambo? Magoti?"

"Hayajambo. Wewe je, baridi?"

"Baridi ya kawaida. Sikiliza, si kwamba nadai kitu. Nauliza tu. Kile kidani changu, kuna kito kimoja cha pembeni hakikuwepo. Siku zote nikadhani kilidondokea huku kwangu."

"Chako sikukifungua, Amarbai."

"Najua. Mimi ninajua. Nauliza tu."

Wakaagana kwa adabu. Akapiga mwingine, halafu mwingine, wote wanauliza tu. Watu aliokuwa akiwaombea wapige hata siku ya sikukuu, sasa walikuwa wameikumbuka namba. Alimjibu kila mmoja, na kila alipoiweka simu chini aliona haya kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imefurahi kusikia sauti.

Asubuhi kwenye banda la maziwa wanawake watatu waliokuwa wakizungumza wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wameacha moto jikoni. Mpima maziwa akampimia kopo lake bila kumwongezea lile tone la juu alilomzoesha. Lilimuuma hilo tone kuliko mengine yote. Alirudi nyumbani, akachemsha maziwa, akasahau kuyanywa.

Hansa alikuja peke yake alasiri, na bakuli la tambi tamu lililofunikwa. Hakukaa.

"Mama mdogo, mimi sitaki maneno. Kama uliyakodisha, ulikuwa na dhiki, na sisi tulio mbali hatukuuliza. Nimemwambia mume wangu Mavji, na yeye kasema yaishe. Kwa hiyo yameisha."

"Hansa..."

"Hapana, yameisha. Krupa atayavaa siku ya harusi. Marehemu mama aliusia hivyo: kidani na bangili afanye atakavyo, lakini mafurungu avae, aingie nayo nyumbani kwa mumewe. Kesho tunapanga vitu vyake kwenye kitambaa, wanawake waje kuona. Nitasafiri navyo vikiwa tayari."

Alidhani anatoa msamaha, na kweli ulikuwa msamaha. Dhanbai angeweza kuupokea na kunyamaza. Kijiji kingechoka kusema, kama kinavyochoka na yote. Angebaki mwizi aliyesamehewa, na duniani wapo wengi wanaoishi na jina hilo wakala wakalala.

Lakini Krupa alikuwa mjukuu wa Velbai. Na Dhanbai, katika yote aliyopitia, hakuwahi kutilia shaka kile alichofundishwa siku alipofiwa, walipomvunjia bangili zake juu ya jiwe: pambo lililogusa mwili wa mjane halimfai bibi arusi. Yeye mwenyewe alikuwa akijisogeza nyuma harusi ikipita, bila kuambiwa, ili kivuli chake kisimwangukie mtoto wa mtu. Sasa mtoto huyo angeingia kwa mumewe kwa mafurungu yaliyotembezwa na mjane. Tambi zikapoa kwenye bakuli, akazifunika tena.

*

Nyumba ya Velbai, iliyokuwa imefungwa miaka yote hiyo, ilinuka rangi mpya na uvumba. Wanawake waliobaki kijijini walikuwa wameketi sakafuni kuzunguka kitambaa chekundu. Juu yake kulikuwa na sari zilizokunjwa, masanduku ya vipodozi, nazi iliyofungwa uzi, na katikati, juu ya sahani, mafurungu. Kanta alikaa pembeni kwenye kiti, mbali na kitambaa, maana naye mjane hakugusa vitu vya harusi. Lakini hakikuhamishwa kitu pale bila amri yake.

"Hiyo sari ya kijani iwe juu. Mnaificha ya bei mnaonyesha hiyo aliyotoa jirani?"

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Dhanbai alikuwa amesimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Karibu, mama mdogo," Hansa alisema, kwa shida.

"Hapahapa panatosha. Hansa, mwanangu, yale mafurungu mtoto asiyavae."

"Sasa umekuja kutupangia?" Kanta alisema.

"Kwa nini asivae?" Hansa aliuliza.

Dhanbai alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, njia yenyewe ikiwa ukuta mmoja tu. Yote yakampotea.

"Kwa sababu niliyavaa mimi."

Mwanamke mmoja alivuta mkono wake kutoka karibu na sahani, polepole, akidhani haonekani.

"Wewe?" Kanta alisema. "Miguuni?"

"Miguuni. Si kwa kutoka nje. Ndani kwangu, mchana, watu wakiwa wamejifungia jua. Sikumpa mtu, sikukodisha. Ni mimi."

"Mjane mzima," mtu alinong'ona nyuma. "Umri ule."

"Lakini kwa nini, mama mdogo?" Sauti ya Hansa haikuwa na hasira. Alikuwa hajui tu, kama mtu anayeuliza njia.

Dhanbai aliegemea mwimo wa mlango.

"Velbai alipokuwa hapa, nilikuwa namsikia kabla hajafika. Anapitia uwani, chwa, chwa, nami huku nazidisha maji ya chai. Sikuhitaji kuinua kichwa. Alipohamia kwenu akawa anapiga simu kila Jumapili. Halafu akaanza kuchanganyikiwa, akawa ananiuliza mimi ni nani. Halafu simu zikakatika. Nyumba ikanyamaza, Hansa. Sijui nikwambieje. Nilikuwa nikiweka kijiko chini nashtuka mwenyewe. Mvua ilipoingia mtungini, hilo ni kweli, nikakifungua nikianike. Yakalia mkononi. Nikayavaa nikatembea kutoka uwani mpaka jikoni, nikasikia mtu anakuja." Aliivuta sari kichwani. "Nikawa nafanya hivyo. Kila mchana. Nafumba macho natembea, na mtu anakuja."

Hansa aliweka mkono mdomoni. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alitafuta kitu cha kusema, cha kusaidia, kwa sababu alikuwa mwanamke mwema na watu wema hawawezi kuvumilia kukaa mikono mitupu.

"Mama mdogo, ungesema tu. Tungekununulia televisheni."

"Ahsante, mwanangu," Dhanbai alisema.

Wanawake walitazama sakafu. Yule aliyevuta mkono akasema, bila kumwambia mtu maalumu, kwamba mambo kama hayo yana dawa, fedha ni fedha. Hansa akamtazama Kanta, kama wote walivyofanya palipokuwa na jambo. Kanta alikuwa akitazama ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na amri.

Ikabidi aseme Dhanbai. "Yayeyushe. Mpe Vrajlal ayatie motoni, amfanyie mtoto mengine. Ikipita motoni haina kosa. Velbai hatachukia."

"Na wewe?" Hansa alisema.

"Mimi si yangu. Ilikuwa amana."

Akageuka, akaenda zake. Nyuma yake sauti zilianza tena, chini kwanza, halafu juu. Kabla ya saa za chakula mafurungu yalishafika kwa sonara.

*

Hansa aliondoka kesho yake. Alikuja kuaga, akainama mpaka chini, paji la uso likagusa miguu ya Dhanbai, akakaa hivyo muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Akaahidi kupiga simu. Dhanbai akamwambia apige akipata nafasi, harusi ina mambo mengi. Gari likazunguka kwa tabu, kwa sababu mtaa ule unaishia ukutani, likatoweka na vumbi lake.

Jina lilirudi, kwa namna yake. Hakuna tena aliyemwita mwizi. Amarbai alituma ujumbe wa kuomba radhi, wenye picha ya maua. Lakini kwenye banda la maziwa wasichana walimtazama miguuni, wakabana kicheko, na wakubwa wao wakawafinya. Simu ikaacha kulia. Mchana, jua lilipowafungia watu ndani, Dhanbai aliketi kwenye kitanda na kusikiliza. Aliinuka akatembea mara moja kutoka uwani mpaka jikoni, peku, akafika, akasimama. Hakusikia mtu. Alilia hapo, wima, mkono ukiwa juu ya jiko, na hakujifuta haraka kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona.

Siku kadhaa baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Kanta.

"Nilikuwa napita," alisema.

Dhanbai hakumuuliza alikuwa anapita kwenda wapi. Akabandika maji jikoni. Kanta akakaa kwenye bembea, lakini hakuisukuma. Alipoletewa chai akamimina kwenye kisahani, akapuliza, akanywa, na hakusema neno kuhusu tangawizi.

"Yalikuwa yanalia sana?" aliuliza.

"Nini?"

"Usinifanye nirudie, Dhanbai."

"Si sana. Velbai alikuwa mzito. Mimi ilibidi nikanyage kwa nguvu kidogo ndipo yafanane."

Kanta akaitikia kwa kichwa kama anayepokea hesabu iliyo sawa. Akanywa tena.

"Hansa atakuletea hiyo televisheni. Namjua, akiahidi ameahidi."

"Huenda."

"Haisaidii." Kanta alikiweka kisahani chini, akakisogeza, akakirudisha. "Mimi ninayo. Kubwa, wanangu walinichangia. Naiwasha chumba cha nyuma, nafunga mlango, nakuja kukaa sebuleni. Picha sizitaki. Nataka nisikie watu wanaongea chumba cha pili. Kuna siku nawagombeza. Nawaambia punguzeni kelele, mimi nataka kulala."

"Na wao wanapunguza?"

"Wana adabu gani hao." Alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Akajifuta kwa ncha ya sari, haraka, kwa hasira, kana kwamba ni Dhanbai aliyemmwagia chai usoni. Kisha akasimama, akaiweka sari sawa begani, akawa tena Kanta wa kusimamia harusi. Alifika mlangoni ndipo akageuka.

"Dhanbai. Hilo usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, Kanta?"